Majambia Yangu na Pipa la Kabichi

Bi Irmtraud mpendwa wa safu ya ushauri, naomba unisikilize kabla hujanicheka, maana kijiji kizima kimeshanicheka, nami ni mtu wa miaka sitini na mitatu, mzimamoto wa kujitolea tangu ujana, na kwa kuipenda kazi hiyo nikaanza kukusanya majambia ya gwaride ya wazimamoto wa enzi za Kaizari wa Ujerumani, sasa ninayo arobaini na moja, yametundikwa ukutani sebuleni, na mkusanyaji yeyote atakuambia chuma na maji haviivi chungu kimoja, basi Jumapili ya tatu ya kungojea Krismasi mke wangu Roswitha akawasha mishumaa ya shada la mezani, shada likashika moto, pazia likafuata, wenzangu wa kikosi wakafika na mpira wa maji, nami, Mungu anisamehe, nikasimama mlangoni na jambia mkononi nikipiga kelele, "Haliingii tone humu!"

Kamanda wetu Detlef akasema, "Volkmar, si wewe uliyetufundisha kuushika mpira huu?" nikamjibu ndiyo maana nakataa, na tukiwa tunabishana Roswitha akaburuta pipa lake la kabichi ya kuchachusha, aliyoihangaikia tangu Oktoba, akalimwaga lote motoni na ukutani, moto ukazima, lakini maji ya kabichi ile ni chumvi na uchachu mtupu, kufika Jumatano majambia yote yameota kutu, nikamuuliza, "Mke wangu, kwani blanketi la kufunikia moto hukuliona?" Akafunga sanduku akaenda kwa dada yake. Nimwambieje ili aniombe radhi? Krismasi imefika, nakula mkate mkavu, na kusema kweli nampenda.

Volkmar Tiedge

Bwana Volkmar,

Loh! Akuombe radhi? Unakusanya majambia ya wazimamoto, halafu wazimamoto wenyewe unawafukuza kwa jambia! Pole kwa kutu, najua mtu akipenda kitu chake kinamuuma. Lakini umeniandikia majambia ni mangapi, na hukuandika popote kama mkeo aliungua mikono. Hukumuuliza, sivyo? Aibu yako, mzee mzima.

Sasa nisikilize. Nunua kabichi kumi na tano za kujaza pipa lake upya. Chukua jambia lenye kutu kuliko yote, lisugue, ndiyo, kwa maji. Nenda kwa shemeji yako, muulize Roswitha habari za mikono yake, halafu keti jikoni uzikate kabichi zote mbele yake kwa jambia hilohilo. Najua halina makali, halikati hata siagi. Ndiyo maana nimelichagua.

Ukimaliza, mpe jambia hilo. Unajua kwetu kisu hakipokelewi bure, kinakata mapenzi. Anayepewa lazima atoe senti moja, ihesabike amekinunua. Basi nyamaza, utazame mkono wake. Akiitoa hiyo senti, mbebee sanduku mrudi nyumbani. Asipoitoa, usithubutu kumkopesha yako.