Mbio Zinazopita Langoni kwa Baba

Njoro, Moshi
5 Januari 2025

Shangazi Magreth mpendwa,

Shikamoo. Naanza na samahani kabla ya habari. Barua yako ya kunipongeza kwa uzazi Tito aliniletea mwezi wa sita, na leo ndiyo kwanza nashika kalamu. Nimeisoma hadi mikunjo imechanika. Kila nilipotaka kujibu, mtoto alilia, au mashuka ya wageni yalikuwa yananisubiri kwenye beseni. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba uliniuliza, "Umeshaenda kwa baba yako?" na sikuwa na jibu la kuandika.

Goti vipi? Na masikio? Tito anasema simu yako sasa ni ya kuangalia saa tu, ndiyo maana nampa bahasha hii apande nayo Tarakea kwenye Coaster yake.

Sisi tunamshukuru Mungu. Rahma ana miezi minane na meno mawili, na ananiuma nayo. Shakiru anashona sare za shule, msimu wake ndio huu, hainui kichwa kwenye cherehani. Mama yake, Bi Hadija, ananisaidia mtoto.

Sijaenda, Shangazi. Mwaka wa tatu huu. Unajua nilivyoondoka: Jumapili, Baba yuko ibadani, mimi nafunga begi. Nikamwachia maneno mawili kwenye simu kama mtu anayeagiza sukari. Shakiru simjutii, na hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote. Tulifunga ndoa bomani, kila mmoja na dini yake, na ananitunza. Ninachojutia ni kuondoka bila kumwangalia mzazi wangu usoni. Tulipopanda wote wawili wiki ile ile, alifunga lango, akasema akiwa nyuma ya mbao, "Hapa hakuna mtu wako." Tangu hapo sijapita barabara ya Mweka hata kwenda msibani.

Sasa sikia. Mama mwenye nyumba ya wageni ametuandikisha wafanyakazi watatu kwenye mbio za mwezi ujao, zile za nusu, kilomita ishirini na moja. Nilicheka. Halafu akatuonyesha ramani: zinatoka uwanjani, zinapanda barabara ya Mweka, zinageuza juu, zinashuka. Zinapita langoni kwa Baba! Unakumbuka kila mwaka anavyosimama pale na ndoo ya maji kunywesha wakimbiaji, na mimi mdogo nimeshika kikombe cha bati. Siku hiyo barabara ni ya kila mtu. Anaweza kufunga lango, barabara hawezi.

Nimeanza mazoezi. Natoka kukipambazuka, narudi, naanza kufua. Nimechoka uchovu wa mpaka kwenye kucha. Lakini asubuhi mlima ukiwa wazi hadi Kibo, Shangazi, nasimama katikati ya barabara mdomo wazi kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Nimezaliwa chini yake, na bado.

Nikifika langoni nifanye nini? Nipite? Nisimame? Nijibu, tafadhali.

Mwanao,
Elinipendo

*

Tarakea
19 Januari 2025

Mwanangu Elinipendo,

Marahaba, marahaba. Miezi saba! Ng'ombe wangu ameshika mimba, tumbo limeonekana, barua yako bado. Lakini imefika, basi nimekusamehe kabla ya chai kupoa. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Masikio yamestaafu, hayana hata pensheni.

Rahma mbusu. Ni jina zuri, na mimi Mlutheri nasema hivyo.

Kuhusu kaka yangu. Ebenezeri amepandisha wageni Kibo miaka ishirini na sita, na kugeuza njiani hakupenda kabisa. Mtu wa namna hiyo kugeuka kwenye neno lake ni kazi. Ila yeye ni Mchaga, na sisi kuna kitu kimoja hatukikatai. Sale. Lile lile jani refu lililopandwa kuzunguka kihamba chenu, shamba la nyumbani, kuwa mpaka. Likifungwa fundo likaletwa mbele ya aliyekosewa, anasamehe, apende asipende. Kulikataa ni kujitafutia laana.

Lakini soma hapa mara mbili: sale halipelekwi na mkosaji. Anapeleka mtu mwingine, wa kukuombea. Mkosaji akilibeba mwenyewe halihesabiki, na mwenye hasira anaweza kulikataa bila dhambi. Na likikataliwa limekataliwa, hakuna la pili. Ningelipeleka mimi, lakini goti hili likiingia kwenye gari halitoki. Mwone Valerian, ni mjomba wako, ana mdomo mtamu.

Na usikimbie kabla hujamnyonyesha mtoto. Maziwa hayajui kwamba uko kwenye mashindano.

Shangazi yako,
Magreth

*

Njoro, Moshi
16 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mtoto ana mafua kidogo, wengine wazima.

Mjomba Valerian nilimfuata sokoni, aliposhuka mjini. Alininunulia soda, akasema, "Mwanangu, mimi na baba yako tuna mfereji mmoja wa maji. Akinikasirikia migomba yangu inakauka." Mzee Godwin wa kanisani akasema tungoje Pasaka. Nikamuuliza, Pasaka ipi? Akatazama saa. Wote wanamwogopa.

Zimebaki siku saba. Nimefika kilomita kumi na nane bila kusimama, Shangazi, mimi niliyekuwa nahema nikipanda ngazi na ndoo. Sitapita pale mikono mitupu. Nitalibeba mwenyewe. Najua ulichosema, na nimesoma mara mbili kama ulivyoniambia. Mlango ule niliufunga mimi, si Valerian.

Mwanao,
Elinipendo

*

Tarakea
20 Februari 2025

Eli,

Marahaba, na USITHUBUTU. Atalikataa na hatakuwa na kosa, halafu itakuwa basi. Pita, inamisha kichwa, endelea na mbio zako. Pasaka nitakuja mwenyewe, hata kwa kubebwa kama gunia la maharage.

Shangazi

*

Njoro, Moshi
2 Machi 2025

Shangazi Magreth,

Shikamoo, na pole na kusubiri. Goti likoje? Kikaratasi chako Tito alinipa Jumatatu. Mbio zilikuwa Jumapili.

Nikuambie tangu mwanzo. Asubuhi nilimnyonyesha Rahma hadi akalala mdomo wazi, Bi Hadija akanisomea dua, Shakiru akanifunga namba kifuani kwa pini zake za kushonea. Sale nililikata uani kwenye nyumba ya wageni, nikalifunga fundo, nikalichomeka kiunoni.

Uwanjani watu walikuwa wengi hadi huoni majani chini. Tulipoachiwa, kwa muda mrefu hakuna aliyeongea. Ni miguu tu. Shangazi, umewahi kusikia mvua inavyokuja kutoka mbali juu ya migomba kabla haijakufikia? Ndiyo sauti ile, na safari hii mvua ni sisi.

Mjini ilikuwa rahisi. Halafu barabara ikaanza kuinuka. Mlima ulikuwa umejifunika tangu alfajiri. Tulipoanza kupita kwenye kahawa, mtu mmoja mbele akasema, "Jamani, tazameni," si kwa kupiga kelele, kwa sauti ya mtu aliye kanisani. Wingu lilikuwa limefunguka. Kibo yote, theluji mpaka kwenye mabega, karibu kiasi kwamba nilihisi kama ubaridi wake umenigusa paji la uso. Watu wakaacha kukimbia. Mzungu mmoja alikuwa analia wala hajifuti. Kulikuwa na kijana asiyeona, amefungwa kamba mkononi na mwenzake, akauliza, "Ikoje?" Mwenzake akafungua mdomo, akaufunga, akamwambia, "Subiri kwanza." Walisimama hivyo hivyo, mmoja anatazama, mwingine ameinua uso, na sijui nani aliona zaidi.

Baba alikuwa ananiambia mlima haukimbizwi, unabembelezwa. Nikafupisha hatua nikawa nabembeleza. Hapo ndipo nikawa sambamba na mama mmoja mnene, mwalimu kutoka Dodoma, jina lake Sikudhani. Anahema kama mashine ya kusaga lakini mdomo haupumziki.

"Dada, hilo jani kiunoni linatibu nini?"

"Hasira."

"Ya mume?"

"Ya baba. Anakaa hapo juu, anagawa maji."

Nikamweleza kwa vipande, neno moja pumzi moja. Nyuma yetu kulikuwa na vijana wa Dar wamevaa fulana za njano. Wao wakasikia nusu: mzee, maji, jani, hawezi kukataa. Mmoja akasema, "Kumbe huku juu maji mpaka uwe na jani?" Kabla sijageuka wameshafika kwenye uzio wa kwanza wa masale, kila mtu anavunja la kwake. Sikudhani naye akavunja, akalifunga fundo kama langu, akasema asije akafa na kiu kwa ajili ya utaratibu.

Shangazi, ule uzio ulikuwa wa kwetu. Mpaka wa kihamba, ule aliopanda babu!

Baba alikuwa amesimama langoni na ndoo yake, na kikombe cha bati ni kile kile. Amezeeka. Koti lile la mlimani sasa linamning'inia. Akaona watu wanane wanamjia wameinua masale mbele yao, wanatabasamu. Kikombe kikasimama hewani.

"Nyie wote," akasema, "mmenikosea nini?"

Vijana wakatazamana. Mmoja akasema, "Mzee, sisi tunaomba maji tu."

Baba akatazama majani, akatazama uzio, akaona mapengo. "Mmevunja mpaka wangu. Halafu mnaniletea huo huo mpaka wangu kuniomba msamaha?"

Hapo yeye mwenyewe akawa amekwama, maana masale yako mbele yake na kosa lipo, na mgeni hadaiwi mila asiyoijua. Nikaona midomo inamcheza. Akayapokea moja moja, la kila kijana, akayalaza juu ya nguzo ya lango, na kila mmoja akampa kikombe. "Nimesamehe. Kunywa. Nimesamehe. Kunywa, kidogo kidogo."

Nikabaki mimi na Sikudhani.

Nilimwamkia. Hakuitikia. Nikatoa sale langu kwa mikono miwili, nikamwambia, "Baba, nakuomba msamaha kwa kuondoka nikiwa nimekupa mgongo. Kwa mume wangu sikuombi, yeye siyo kosa. Ni kwa kukupa mgongo."

Alilitazama lile jani, hakulishika. Akasema taratibu, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, "Wewe umezaliwa hapa. Unajua halibebwi na mwenyewe."

Wakimbiaji wanapita nyuma yangu, nasikia miguu yao. Nikawaza, Shangazi alisema. Nikawaza, basi, ndiyo imeisha. Maziwa yakaanza kunitoka yenyewe, fulana ikalowa hadi kwenye namba.

Sikudhani akasogea. Akapiga goti kwenye lami, mtu mzima yule, akanyoosha jani lake. "Mzee shikamoo. Mimi sijui mila zenu. Mpaka wako nimevunja, hilo nitaliomba mwakani. Hili la leo ni la huyu. Namwombea."

"Wewe ni nani wake?"

"Si mtu wake. Tumepanda wote kutoka kule chini kwenye kahawa."

Unajua Baba alichokuwa anawaambia wageni wake kila safari, hata sisi watoto tulikikariri: aliyepanda na wewe ni ndugu yako mpaka mshuke. Niliona neno lake mwenyewe linamrudia usoni. Akageuka akatazama Kibo, ambayo bado ilikuwa wazi, kama mtu anayemwuliza mkubwa wake. Akaweka ndoo chini. Akapokea sale la Sikudhani kwa mikono miwili.

Hakunikumbatia. Alichota maji, akanipa kile kikombe. "Kunywa." Nikanywa. Akaona fulana yangu.

"Unanyonyesha?"

"Ndiyo, Baba."

"Anaitwa nani?"

"Rahma."

Akalirudia jina polepole, kama mtu anayeonja mtori wa ndizi kujua kama chumvi imekolea. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya zamani, "Sasa umesimama hapa unafanya nini? Kageuze, ushuke ukamnyonyeshe mtoto."

Nikapanda hadi kwenye kugeuzia, nikashuka. Shangazi, sijui nilishukaje. Tambarare yote ilikuwa imefunguka chini yangu hadi mashamba ya mpunga ya Chekereni yanang'aa, na mimi naanguka kuielekea kama maji ya mfereji yaliyofunguliwa. Uwanjani Shakiru alikuwa amembeba Rahma mabegani. Nilikaa chini kwenye majani nikamnyonyesha hapo hapo, medali shingoni, mtoto anaitafuna.

Jumatano Baba akapiga simu. Anasema nilipojifungua sikulishwa uzazi na kwetu, ni aibu, nipande nikae miezi mitatu nile mtori. Nikamwambia wiki tatu, nina kazi, na Shakiru atalala ndani ya nyumba, si kwa jirani. Akasema, "Anakula ndizi?" Nikamwambia anakula kila kitu na kila nyama isipokuwa kitimoto. Akacheka, Shangazi. Kidogo, puani, lakini alicheka.

Tunapanda Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Wewe ulishaahidi kuja, gunia au si gunia. Vitu vingine mpe Tito mapema, maana huku sivipati vizuri kama Tarakea:

Maharage ya Rombo, yale ya njano, debe moja.
Ulezi kilo tano, uliopepetwa.
Blanketi la mtoto, zito, huko juu kuna baridi na Rahma ni mtoto wa mjini.
Kitenge doti moja cha Bi Hadija, kisiwe na picha za ndege, hapendi.
Miche ya masale minane, ya kuziba mapengo.
Raba za kiume, namba tisa, zenye soli nene, hata mtumba. Mwakani kuna mbio fupi za kilomita tano na kuna mzee mmoja ameniuliza viatu vya kukimbilia vinauzwa wapi. Amesema nisimwambie mtu yeyote, kwa hiyo hapa hujasoma.

Mwanao,
Elinipendo