Mkono Nyuma ya Pazia

2 Februari

Dada mpenzi,

Pokea salamu zangu na za mwanangu, Chiriku wako. Sisi wazima wa mwili, ila mimi usingizi umenikimbia. Wewe je? Mgongo na cherehani mnaelewana siku hizi? Dereva wa mikate alinikabidhi kile kitambaa na mtoto akakivalia njuga mpaka nikamshonea sketi. Tuendelee hivi hivi, barua mkononi mwa dereva. Usinipigie simu hata kidogo. Mume wangu ameshaishika simu yako mara moja na kuipekua, ataishika tena.

Hapa tulikuwa tumetulia. Napiga pasi mashuka ya hoteli kwa dobi mmoja mkali lakini mwenye haki. Mtoto nimemwandikisha shule kwa jina la marehemu babu, si la baba yake. Hakuna anayetujua. Sasa mwalimu wa muziki kamsikia akiimba kwenye foleni ya maji, basi imekuwa balaa. Anataka asimame mbele kwenye igizo la shule, aimbe peke yake, na picha yake ibandikwe getini. Alinifuata hadi kazini: "Mama, una dhahabu ndani ya nyumba!" Nilicheka naye huku pasi inaunguza shuka la watu.

Nikikubali, picha ina miguu. Nikikataa, mtoto atalia na mwalimu ataanza kuuliza sababu. Dada, naogopa. Kiwiko alichonivunja mume wangu hakinyooki mpaka leo, na alisema akinipata tena hataishia kwenye kiwiko. Nifanye nini?

Mdogo wako

15 Februari

Mdogo wangu wa damu,

Barua imefika, nimeisoma nimejifungia chooni kama mwizi. Mgongo upo, cherehani ipo, tunazeeka pamoja na kugombana kama mke na mume. Watoto wote salama.

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sikulaumu. Lakini usimfunge mtoto kama mbuzi, atakata kamba. Mwambie mwalimu kwamba ana haya, akae nyuma, nyuma kabisa. Picha hapana, jina hapana.

Ya huku usiyaulize. Shemeji bado anapiga ngoma na bendi yake kwenye maharusi, watu wanamtuza, anacheka na kila mtu. Asiyemjua atasema malaika kashuka. Kila Jumamosi anapita dukani. "Shemeji, hujasikia habari za mwanangu?" Anasubiri jibu huku ananitazama mikono. Juzi nilijidunga sindano. Nikamwambia ningejua waliko ningekwenda mwenyewe kuwatandika kwa kuondoka bila kuaga. Akacheka sana, akachukua mkasi wangu mkubwa mezani, akaondoka nao. Hajaurudisha, na mimi sijathubutu kuuomba.

Jifungieni milango.

Dada yako

9 Machi

Dada mpenzi,

U hali gani? Safari hii nakuandikia nimekaa vizuri, nimekunywa chai na imeshuka.

Ushauri wako umefanya kazi. Nilimwambia mwalimu mtoto wangu akiona watu wengi anazimia. (Chiriku! Mungu anisamehe.) Akaguna, halafu akasema basi apige ngoma, wapigaji wanakaa nyuma ya pazia. Nikaona mwanga. Uso wa mtoto hauonekani, sauti yake haisikiki. Ngoma haina uso, Dada.

Siku ya igizo nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango, nikihesabu wanaume walioingia peke yao. Kila kikohozi nilishtuka. Kisha ngoma ikaanza, na watoto wa kwenye jukwaa wakawa kama wametiwa upepo miguuni. Wazazi walisimama. Rafiki yake, wanamwita Kijiko, alikuwa anatikisa kayamba pembeni yake, anasema Chiriku alikuwa anapiga huku amefumba macho.

Watu wa redio walikuja na vyombo vyao wakarekodi kwa ajili ya kipindi cha watoto cha Jumamosi. Nikambana mwalimu kona, akaniapia hakuna jina la mtoto litakalotajwa, ila jina la shule tu. Nikashusha pumzi. Shule ina watoto mia tisa, mtu atamjuaje?

Fungulia redio umsikie mwanao.

Mdogo wako

17 Machi

Mdogo wangu,

Sina salamu. Ondokeni. Ukimaliza mstari huu, mshike mtoto mkono, vyombo viache.

Nilifungulia redio kama ulivyosema. Shemeji alikuwa dukani, kaja kuchukua shati lake la bendi nililompunguzia mikono. Ningeizima, lakini angeuliza kwa nini. Nikajipa moyo kwamba ngoma haina uso. Mdogo wangu, tulisahau nani alimpakata yule mtoto mbele ya ngoma tangu hajaota meno! Ule mkono wa kushoto unaochelewa kidogo, kama mtu anayechechemea, halafu unamkuta mwenzake mlangoni. Mji mzima huku wanaujua ni wa baba yake. Hata mimi nisiyejua kucheza niliujua.

Shemeji aliweka shati chini, akaanza kufuatisha kwa vidole kwenye meza yangu, pigo kwa pigo, mpaka mwisho. Mtangazaji akataja shule. Akanitazama, macho yamejaa machozi, akasema, "Mwanangu kakua, shemeji." Kisha akatoka. Shati kaliacha.

Nimemkimbilia dereva, kumbe anaondoka kesho asubuhi. Nimempa hii nikamwambia ni habari ya msiba. Sijui nani atatangulia kufika. Nimefunga duka, siwezi hata kutunga uzi. Nijibu neno moja tu.

Dada yako

3 Aprili

Dada,

Tu hai. Usijibu barua hii, imepita kwa dobi, hata dereva hajui tuliko. Najua umeteseka kwa kimya hiki, nisamehe. Jikaze, na akija dukani usimfungulie ukiwa peke yako.

Yeye alitangulia. Alifika shuleni amevaa vizuri, akasema ni mtu wa bendi, amesikia ngoma redioni na anataka kumzawadia mpigaji ngoma mpya. Mwalimu akafurahi, akamkalisha benchi la mbele, akawaita watoto nyuma ya pazia wampigie mgeni.

Pazia lina tundu. Chiriku alichungulia. Hakulia, hakupiga kelele. Aliisukuma ngoma kwa Kijiko, akamnong'oneza, "Piga wewe," akatokea mlango wa stoo. Kijiko akaitwanga ngoma kama anaponda kokoto. Pazia likafunguliwa, na mume wangu akauliza, "Ndiye huyu?" Mwalimu akakiona kiti kitupu, akamtazama mgeni usoni, na sijui aliona nini, lakini akajibu, "Ndiye huyu."

"Siye," akasema. "Huo si mkono wa mwanangu. Kesho nitarudi niwaone wote."

Mwalimu alinisimulia haya akihema pale kwa dobi. Chiriku alikuwa ameshafika, amejificha chini ya meza ya pasi. Tuliondoka saa ile ile. Barua yako dobi alinitumia baadaye.

Sasa tuko mahali. Kila anayebisha hodi nashika kisu. Lakini lililonifanya nikuandikie ni jingine. Mtoto amekaa siku zote hizi kimya, Chiriku yule! Nikamwambia baba hatatupata, asiogope. Akasema haogopi. Akasema siku ile alisimama kwanza nyuma ya stoo, akamsikia Kijiko akiharibu, ndipo akakimbia. Kisha akaniuliza, "Mama, baba alikuja kunisikiliza. Sasa atadhani ndivyo ninavyopiga?" Na hapo ndipo alipolia.

Jibu ninalo, Dada. Baba yake hakudhani hivyo hata kidogo, aliujua mkono wake na kuukosa papo hapo. Nikimwambia hivyo atafurahi, na furaha hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko kisu chochote.

Mdogo wako