Mzazi Asiyejiweza

Jumatatu, 3 Machi

Nimepanda cheo! Mkuu wa shule kanivika kilemba cha ukoka mbele ya walimu wote — eti nina subira, nina moyo wa mama, wanafunzi wananipenda. Wenzangu wakapiga makofi harakaharaka, kama watu waliokwepa jambo. Kuanzia leo mimi ndiye mwalimu wa ushauri wa vyuo. Kemia yangu palepale, vipindi palepale, mshahara palepale. Nilichoongezewa ni kabati lisilofungika.

Jioni nimesoma barua za maombi za kidato cha mwisho. Mungu nipe nguvu. Mmoja anasema ameupenda uhasibu tangu tumboni mwa mama yake. Mwingine anaomba udaktari "au chochote kilicho jirani." Wa tatu amenakili barua ya rafiki yake yote, mpaka jina la rafiki.

Aliyeandika vizuri ni yule binti tunayemwita Wakili, kwa sababu hajawahi kupokea maksi bila kukata rufaa. Sheria yenyewe hataki hata kuisikia. Anataka uhandisi wa umeme. Chuo kimeshampa nafasi. Ada ndiyo hana, na bila ada nafasi inakwenda kwa mwingine mwisho wa mwezi. Kuna mfuko wa ufadhili unaolipa kila kitu. Fomu yake ameijaza yote, mwandiko safi. Pengo moja tu — sahihi ya baba. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mwalimu, njoo umsikie mwenyewe." Mtu wa maneno mengi akiishiwa, ujue kuna jambo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda. Baba yake Wakili ni fundi makochi. Nilipofunguliwa mlango nilidhani nimekosea nyumba. Sebule imejaa! Kochi la kijani, kochi la ngozi, na moja rangi ya maziwa, lenye vifungo mgongoni, la kukaliwa na watu wasiohesabu chenji. Nikalielekea hilohilo. "Mwalimu, hapana!" — Wakili huyo, kanidaka mkono. Kumbe yote ni ya wateja. Paa la karakana linavuja, basi kazi zilizokwisha zinalala sebuleni. Wenyewe wanakaa mkekani, miguu wameikunja, katikati ya utajiri wa watu. Nikakunja na mimi. Magoti yangu yalilia, nyumba nzima ikasikia.

Mama Wakili kaleta chai, nusu kikombe, kwa uangalifu, jicho kwenye makochi. Fundi mwenyewe mcheshi, anaongea na pini za kazi mdomoni. Mpaka nilipotoa fomu. Akaweka kidole pale pa sahihi, palipochapwa: Mzazi asiyejiweza. Akasema asiyejiweza ni mtu aliyelala kitandani anageuzwa. Yeye anabeba kochi peke yake. Binti yake hajalala njaa, hajaenda shule peku. Sasa atie sahihi ya nani hapo?

Nikamwambia ni neno tu, fundi. Akasema kama ni neno tu, basi walifute.

"Mtu hujikuna ajipatapo, mwalimu."

"Kweli, fundi. Lakini ada inawasha katikati ya mgongo."

Alicheka! Alicheka mpaka akatoa pini mdomoni. Nikajua nimeshinda. Akanirudishia fomu haina sahihi, akanisindikiza mpaka barabarani, akanisifia viatu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepiga simu ofisi ya mfuko. Neno laweza kubadilishwa? Dada wa simu anasema fomu haikatwi, haifutwi, haiandikwi pembeni. Yenye mkwaruzo inakwenda kapuni. Halafu, kwa sauti tamutamu: Jumanne mkaguzi wao anakuja kuangalia hali ya nyumbani.

Hali ya nyumbani! Nikayakumbuka yale makochi. Nimeshika kichwa mpaka kengele ya mapumziko.

Jumapili, 9 Machi

Wakili kanikuta nafua. Kashika ncha ya shuka tukaanza kukamua, hajaombwa. Nikasubiri. Mtoto akikusaidia kazi bila kutumwa, mzigo unakuja nyuma.

Ukaja. Amejifunza sahihi ya baba yake. Kanionyesha kwenye karatasi ya daftari, ukurasa mzima, huwezi kuzitofautisha. Baba hatajua, mfuko hautajua, yeye atasoma. Aliyapanga kama kesi mahakamani, hoja baada ya hoja.

Nitasema ukweli, maana hapa hasomi mtu: nilitamani kukubali. Alama moja ya wino, na mtoto anakwenda chuo! Nikasema hapana, kwa ukali uliozidi kiasi. Kisha nikaharibu zaidi. Nikasema, "Baba yako ana kiburi."

Akaachia shuka. Likaanguka topeni. Akasema baba yake hana kiburi, ana aibu, na hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na mwalimu mzima angejua. Ile karatasi akaichana mbele yangu.

Rufaa imekubaliwa. Nimefua shuka upya.

Jumanne, 11 Machi

Siku gani hii! Ngoja niiandike yote.

Niliwahi mapema nikamsihi fundi tuyatoe makochi, hata uani tu. Akaniuliza mvua ikinyesha nitawalipa wateja mimi? Basi angalau amwambie mkaguzi si yake. Akasema mgeni hapokelewi kwa orodha ya usivyo navyo. Ataulizwa, atajibu.

Mkaguzi hakuuliza. Bwana nadhifu, suruali imenyooshwa mpaka inakata, mkoba kwapani. Kaingia, kasema "Sebule nzuri hii!" na kabla mtu hajakohoa kajitupa kwenye lile rangi ya maziwa. Likabonyea. Fundi akafumba macho. Mgeni haambiwi inuka, na fundi ndiye wa mwisho duniani wa kumwambia.

Mkaguzi akafungua daftari. Akatazama kochi la ngozi, akaandika. Akatazama la kijani, akaandika. Nilikaa upande wake, naona vizuri: samani za thamani, mstari chini yake. Nikafungua mdomo — fundi akanikata jicho. Wakili kajiinamia, anang'oa nyuzi za mkeka. Nilikuwa naiona nafasi ya huyu mtoto inapotea hivihivi, kwa adabu, watu wote wametabasamu. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga baba yake na mto.

Ndipo Mama Wakili akaingia na chai. Kikombe cha mkaguzi kimejaa hadi ukingoni, kinatetemeka. Mimi Alhamisi nilipewa nusu! Nikamtazama. Yeye akatazama dari.

Mkaguzi akakipokea kwa mkono mmoja, maana wa pili una kalamu. Akakiegemeza kwenye goti. Akageuka kuniuliza kitu. Kikombe nacho kikageuka.

"Ndugu yangu, kikombe! Kochi la watu hilo!"

Fundi huyo, kesharuka, kiganja chini ya kikombe, chai ya moto yote mkononi mwake. Halikudondoka tone kwenye kitambaa. Likamtoka na jina la mwenye kochi, na la mwenye lile la ngozi, na habari za paa la karakana, yote kwa pumzi moja. Mkaguzi aliinuka kama aliyekalia kaa la moto. Akauliza, sasa ya kwenu ni yapi? Fundi, anapuliza mkono: "Mkeka."

Basi mkaguzi akavua viatu, akakaa mkekani na sisi. Soksi yake ina tundu, kidole gumba kinachungulia, na tangu hapo mazungumzo yakawa mepesi. Alichoandika akakikata. Yeye anaruhusiwa. Akasema upande wake hana tatizo tena, imebaki sahihi tu, mwisho Alhamisi saa sita mchana.

Fundi aliichukua fomu kwa ule mkono mzima, akaingia chumbani. Hakutoka kutuaga.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna habari. Wakili hakubisha kitu darasani siku nzima. Nilimkosea maksi makusudi, akapokea.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwenye benchi la ofisi ya mfuko, nisije nikala kucha.

Asubuhi Wakili alikuja mbio getini na bahasha. "Ametia, mwalimu! Ametia!" Nikaifungua palepale. Ametia kweli. Lakini neno asiyejiweza kalikata, mstari mmoja ulionyooka, na juu yake, kwa herufi ndogo za mtu asiyeandika mara kwa mara: Najiweza. Kwa hili peke yangu sitoshi.

Nikampa Wakili asome. Akasoma, akarudia. Kabatini nina fomu nyingine tupu, nikamwambia, na saa bado zipo. Tumpelekee, huenda sasa akatia bila kukata. Nikamweleza habari ya kapu. Akaikunja fomu, akairudisha kwenye bahasha.

"Siwezi kumrudishia hii, mwalimu. Peleka hiyohiyo."

Nikamuuliza kama anajua anachokisema. Akasema anajua, na machozi yakamtoka, na akaenda darasani hajayafuta.

Nimeileta. Karani kaipokea, kapekua, kalamu nyekundu mkononi, hadi ukurasa wa mwisho. Kalamu ikasimama. Nikaanza utetezi wangu nilioupanga njia nzima — akaninyamazisha kwa kiganja. Kainuka nayo, kaingia kwa mkubwa wake. Mlango hakuufunga sawasawa. Nasikia anamsomea. Mkubwa anasema rudia. Anamsomea tena, polepole.

Hawacheki. Ningejua la kufanya kama wangecheka.

Kiti kinasogezwa. Mkubwa mwenyewe katokeza mlangoni, fomu mkononi, uso wake sijui niusomeje. Anauliza ni nani kati yetu anayemjua mzazi huyu. Benchi zima linanitazama. Nainua mkono, kalamu bado vidoleni.