Kifungu Kilichotukwamisha

Mdogo wangu wa pekee,

Nakusalimu kwa salamu yako, asalaam aleikum, ujue dada yako ameshaizoea. Hujambo? Shemeji yu mzima? Pumu inakuacha ulale? Mimi sijambo, ila nimechoka hadi sauti imechoka nami. Mama naye mzima, bado anapiga pasi shuka za kitanda chako akidhani hatumwoni.

Wiki nzima nimefungiwa kwenye kibanda cha vioo, nikitafsiri mkutano wa viongozi wa dini. Waliitwa watoe tamko moja juu ya haki za binadamu. Sheikhe, mgeni wa mbali, alisema dini yake ilimpa mjane fungu lake zamani sana. Rabi akasema heshima ya mtu imo tangu mwanzo wa Maandiko. Mtawa wa Kibudha akaomba kwanza tuulize ni nani anayeumia. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini juu ya maji, mkate, mfungwa na mtoto walielewana. Wakakwama kwenye kifungu kimoja tu, kwamba mtu ana haki ya kuhama dini. Hapo kila mmoja akawa na msiba wake, nami nikawa nameza maji ya moto sauti isikatike.

Baba alikuwemo, kwa uchungaji wake, peke yake akisema Kiswahili. Kazi yetu ina sharti moja: msemaji akisema "mimi", mkalimani naye husema "mimi", kana kwamba maneno ni yake. Basi Baba alisimama akasema ana mabinti wawili, mmoja alihama dini, na kwake huyo amekufa. Akataka kifungu kifutwe.

Ninalokuandikia sasa hata Mama hajui. Nilishindwa. Nikuzike kwa kinywa changu mwenyewe, tena niseme "mimi"? Nilisema kwa lugha ya wageni kwamba nina mabinti wawili, mmoja alihama dini, na kila tukikaa mezani namkosa. Nikasema kifungu kibaki. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Sheikhe alimkumbatia Baba, naye maskini akabaki ameduwaa, hajui kakumbatiwa kwa lipi. Kifungu kikapita.

Jioni, viti vikikusanywa, nilimweleza Baba ukweli wote. Nikamwambia kesho tamko litasomwa, akitaka aseme nilimpotosha, hata nikifukuzwa kazi. Niliogopa, mdogo wangu.  Baba alichukua mkoba wake akaenda zake.

Asubuhi, tamko liliposomwa, mwenyekiti aliyasoma na maneno yale kuwa ni ya Baba, akamwuliza kama ndivyo alivyosema. Baba alikitazama kibanda changu.  Kisha akavuta kipaza sauti, akasema ndiyo, ndivyo alivyosema, na binti yake anaijua njia ya nyumbani.

Hayo niliyatafsiri neno kwa neno.

Msalimie sana shemeji. Shuka ziko tayari.

Ni mimi, dada yako.