Picha Nilizopiga Siku ya Kukuzika

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikaweka kalamu chini, nikangoja marahaba yako. Haikuja. Basi naendelea.

Nipo kwetu Mkolani, kwenye meza ya sebuleni. Ni mchana. Jirani anafua huku redio yake ikiimba. Sijalia, Mama. Nianze na hilo kwa sababu ndilo watu wanalolisema, na sitaki ulisikie kwa mwingine. Sikulia ulipoanguka mlangoni ukienda kuanua nguo. Sikulia hospitalini walipokufunika shuka. Sikulia Nansio tulipokuzika. Watu wanadhani ninajikaza. Sijikazi. Ni kama mkono ulioulalia: unauona, unajua ni wako, unaugusa na hausikii chochote.

Mjini mambo yanakimbia. Karibu na stendi wamefungua duka lenye mashine ya kusafisha picha za rangi. Unaacha filamu, unakwenda sokoni kununua mchicha, ukirudi picha ziko tayari. Unakumbuka tulivyokuwa tunazituma Dar kwa mtu anayesafiri, tukangoja mpaka bibi harusi anakuja kuchukua picha zake akiwa mjamzito? Hayo yamekwisha. Kila kijana sasa ana kamera ya plastiki, Jumapili wamejaa ufukweni. Wateja wengine wamenihama. Waliobaki nikiwauliza kwa nini hawaendi kwa vijana, hawana maelezo. Mmoja tu aliniambia, "Picha zako zinatulia, dada." Nikamshukuru. Yeye anadhani ni mimi.

Nimekuwa nikifikiria jinsi ilivyoanza. Ulifundisha uchoraji pale chuoni Butimba mpaka presha ya macho ilipokula pembe za kuona kwako, ikaja ndani kidogo kidogo, ikabakiza tundu la katikati, mwisho na tundu likaziba. Walipokupa kiinua mgongo, ulinunua kamera. Kaka Deo alisimama hapa hapa sebuleni, mikono kiunoni.

"Mama, kipofu ananunua kamera?"

"Sijanunua ya kwangu," ukamjibu, ukanyoosha mkono ukinitafuta.

Mimi nilijua kubonyeza tu. Harusi ya kwanza niliyopiga, niliona nimefanya kazi kubwa. Nikakuletea picha, nikasema zimetoka vizuri. Ukasema, "Vizuri ndiyo nini? Nipangie." Ukaniagiza lile sinia kubwa na maharage. Sinia ndiyo picha. Harage hili bwana harusi, hili bibi harusi, punje za mahindi ndiyo wasimamizi, konzi ya mchele ndiyo yale mawe makubwa ya nyuma. Ukapapasa taratibu kwa ncha za vidole.

"Umewapigilia katikati kama msumari."

"Watu wanapenda katikati, Mama."

"Wanapenda kwa sababu hawajaonyeshwa pengine." Ukapitisha kidole ukiligawa sinia mafungu matatu, ukawasukuma maharusi mpaka kwenye mpaka wa fungu la kushoto. "Haya, mawe ni mazito, yakae kulia, yapimane nao. Njia iko wapi?"

"Njia gani?"

"Hapo pana njia ya miguu, lazima. Watu walifikaje?"

Ni kweli, palikuwa na njia. Nilikuwa nimesimama juu yake na sikuiona. Ukasema jicho la mtazamaji ni mgeni. Mfungulie mlango, mwonyeshe pa kupita mpaka afike kwa wenye nyumba. Kisha ukauliza nyuma ya kichwa cha bibi harusi kulikuwa na nini. Ikabidi niitazame picha upya.

"Nguzo ya umeme."

Ukacheka mpaka ukajishika mbavu. "Masikini! Umemwotesha pembe siku ya harusi yake!"

Miaka ile yote hivyo ndivyo nilivyosoma. Hukuwahi kuiona picha yangu hata moja. Nikiwa kazini, jicho liko kwenye kamera, tayari naanza kukusimulia moyoni: kushoto kuna hiki, mwanga unatoka huku, kivuli kinaangukia pale. Na nilipokuwa sijui la kukusimulia, nilijua picha bado haijawa picha, sikubonyeza. Kosa ulilolichukia kuliko yote lilikuwa kukaa mbali. "Picha yenye pengo kubwa," ulisema, "ujue mpigaji aliwaogopa watu. Sogea!"

Sasa nikueleze siku yenyewe, maana hukuwepo. Nimeandika hivyo na nimeisoma tena. Sijui nibadilishe nini.

Tulivuka ziwa na meli ya kwenda Nansio. Jeneza lilikuwa chini ya turubai, kati ya kreti za soda na magodoro ya mtu. Deo alikaa juu ya kreti, mkono wake juu ya turubai safari nzima. Tulipokaribia kufika akasema, "Stazia, umebeba kamera?"

"Nimebeba."

"Basi utapiga wewe. Nani mwingine? Watoto wetu watataka kuona bibi yao alizikwaje."

Nikasema sawa. Wala sikuona ni jambo zito.

Nilipiga kama ulivyonifundisha, Mama, kila kitu. Jua lilikuwa kali utosini, nikangoja wingu ndipo nikapiga nyuso, zisiwe na mashimo meusi machoni. Akina mama walikuwa wamejipanga na ndoo za maji, nikasimama mahali ambapo mstari wao unalivuta jicho mpaka kwenye jeneza. Padri nilimweka pembeni ili kanzu yake nyeupe ipimane na udongo mwekundu uliorundikwa. Nilisikia wanaimba, nikajua wimbo ni upi, basi.

Kisha mama mdogo Leokadia akaja kusimama kichwani pa jeneza. Alikuwa ameshika ubao wa jeneza kwa mikono miwili, uso umeinama, na nyuma yake, sawasawa na utosi wake, mti wa kushikilia turubai la kivuli. Nikasema, "Mama mdogo, sogea kidogo kushoto." Nikasema kwa sauti ile ile ninayowaambia watu wa harusi.

Waliokuwa karibu wakaacha kuimba.

"Nisogee?" Akanitazama. "Dada yangu yumo kwenye sanduku, wewe unanipanga kama niko kwenye sherehe? Una moyo wa namna gani wewe mtoto?"

Sikuishusha kamera. Lakini alisogea, Mama, sijui kwa nini, labda miguu tu ilimpeleka. Na mimi nikabonyeza. Hilo nalo wananisema kijiji kizima.

Ulipofika wakati wa kutupia udongo, Deo aliniashiria nije karibu. Nikajua wewe ungesema nisogee, nikajua ningepaswa kuingia kati yao na kamera. Sikuweza. Nilianza kurudi nyuma. Nikarudi mpaka kwenye mihogo, nikarudi tena nikapanda ule mwinuko wa shamba la babu, na kila nikitazama kwenye kamera bado nilikuwa karibu mno. Mpaka nyote, wewe na watu wote waliokuja kukuzika, mkawa kitu kidogo kwenye kona ya chini. Kilichobaki ni uwanja uliofagiwa, na ziwa, na mbingu isiyo na rangi. Nikapiga moja. Filamu ikaisha.

Niliposhusha kamera nilimwona Deo anapanda kwenye mihogo, kiganja chake kimefumbwa. Alikuwa ameniletea udongo. Akanigawia nusu mkononi, tukashuka pamoja tukautupa.

Nimerudi Nansio juzi, tulipoanua matanga. Mama mdogo hakuwa amesema nami wala kuitikia shikamoo yangu tangu siku ile. Nikaitoa bahasha ya picha nikaiweka kwenye mkeka, nikakaa karibu na mlango. Watu wakazipitisha mkono kwa mkono. Unajua watu, hata msibani wanajitafuta kwanza. "Huyu ni mimi. Lo, huyu ni wewe, kanga ile umeitoa wapi?" Picha ya mama mdogo ikamfikia mwenyewe. Haina mti kichwani. Ni uso wake tu na mikono yake juu ya ubao. Aliitazama, akaifuta kwa upande wa kanga kana kwamba ina vumbi, akaiweka chini kwa uangalifu.

Ikafuata ile ya mwisho. Mtu akasema, "Hii imeharibika, watu hawaonekani." Mama mdogo akaichukua, akaigeuza huku na huku.

"Stazia. Mbona huku kote hakuna kitu?"

Ilikuwa mara ya kwanza jina langu kutoka kinywani mwake tangu mazishi.

"Haijaharibika, mama mdogo," nikasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Akaitazama tena. Nilimwona anatafuta kona ile ya chini, anawakuta watu, halafu macho yanatoka kwao yanapita kwenye uwanja, kwenye maji, hayapati pa kukaa. Kisha akaitia kwenye upindo wa kanga, kifuani.

"Hii nabaki nayo mimi," akasema. Na kwa binti yake, "Mpe dada yako chai, hajanywa."

Hakuomba radhi, nami sikuomba. Asubuhi nilimkuta anasafisha sufuria. "Shikamoo mama mdogo." "Marahaba mwanangu. Umeamkaje?" Nikajibu nimeamka salama. Tukasafisha sufuria.

Nilidhani baada ya hapo nitalia. Kwenye meli ya kurudi nilijitenga kabisa, nikashika chuma cha ukingoni, nikangoja. Walikuwa wamepakia machungwa, yananukia. Tukafika Mwanza. Nikashuka.

Deo anataka kukujengea kaburi kwa vigae vyeupe vya kung'aa, vile vinavyoletwa siku hizi. Nimemwambia vitarudisha jua machoni pa kila anayekuja, na jina lako halitasomeka. Tumebishana, amekubali saruji ya kawaida na herufi zilizochimbwa, ambazo kivuli kitazijaza chenyewe. Ulikuwa umekaa upande wangu katika ubishi huo, nilijua.

Kwaheri Mama. Lala. Asante kwa kila ulichonionyesha na hukukiona.

Nakuahidi hili moja, kwa kuwa ndilo ninaloliweza. Wakimaliza kujenga nitakuja, na kamera nitaiacha nyumbani. Nitapalilia pembeni, nitakaa karibu nawe. Machozi yakija, yatanikuta hapo. Yasipokuja, nitanawa mikono nirudi na meli ya mchana, na nitakuja tena.

Mwanao,
Stazia