Tunausahihisha Wasifu Wako, Baba

Mwaka umekatika, Baba, tangu uweke nyundo chini ukasema unajinyoosha kidogo, nawe hukuamka tena. Kochi ulilokuwa unalivika kitambaa kipya, mwenyewe alikuja kulichukua vilevile, nusu kuukuu nusu jipya, akasema hataki fundi mwingine aliguse.

Tunakukumbuka ukiongea huku umebana misumari midogo midomoni, mpaka wageni wakadhani una kigugumizi. Ukiitema kiganjani, nyumba nzima ilijua sasa maneno ni mazito.

Tunakumbuka pia ulivyotutoa jasho kanisani. Wenzako wakisimama kushuhudia walianza na baraka. Wewe ulianza na mtaro. "Bwana asifiwe. Mimi nilikuwa mlevi wa kulala mtaroni, na mke wangu yule pale ni shahidi." Mama aliinama kama anayetafuta kitu alichoangusha. Wajukuu walivunjika mbavu. Binti yako wa pili, mwalimu, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumamosi asubuhi walikuja karakanani kwako watu wa mikono inayotetemeka kwa pombe. Hukuwahubiria. Uliwapa pembe ya kitambaa: "Shika hapa, vuta, usiachie." Mmoja wao, tuliyemwita Profesa kwa ajili ya miwani yake mikubwa, alivuta mpaka mikono ikatulia. Akarudi kwa mkewe, akarudi na kanisani.

Halafu ukafa, na sisi tukaona haya kwa niaba yako. Mwalimu ndiye aliyeandika wasifu. Alijua watakuja wakwe, walimu wenzake na wachungaji wa makanisa mengine. Akasimama kwenye kipaza sauti, akasoma bila kutetereka: "Baba yetu hakuwahi kutia kilevi mdomoni maisha yake yote." Mama alimtazama. Sote tulinyamaza. Wageni wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima kabisa. Profesa akainuka, akatoka kabla hatujaondoka kwenda makaburini.

Mwalimu alikuja kumkuta baadaye kwenye ngazi za kilabu, mchana kweupe, mikono imeanza tena.

"Dada mwalimu," alisema, "kumbe mzee hakuwahi kunywa?"

"Alikunywa, kaka. Alikunywa sana. Tulitaka tu kumsitiri."

"Mimi nilimwamini kwa sababu alitoka hapa nilipo. Siku ile nikasema, basi mzee alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Amenitungia hadithi ili nimshikie kitambaa chake."

Mwalimu alilia, akaomba msamaha palepale. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uongo uliusema kwa kipaza sauti," akasema. "Ukweli unausema kwa kuninong'oneza."

Tangu siku hiyo binti yako akiombwa kusoma neno kanisani anakataa, na hatuna uso wa kumlaumu. Sisi ndio tunaowafundisha vijana wa kanisa kusema kweli. Tukasimama madhabahuni, wewe umelala mbele yetu, tukasema uongo. Tena tukakufanya wewe mwongo, wewe uliyekuwa mkweli mpaka ukatukera. Tunaona aibu, Baba. Tunaona aibu kwako na kwa Mungu aliyekutoa huko.

Basi tunasema hapa, kila mtu asome. Ulikunywa, Baba. Ulikunywa mpaka Mama akafunga mizigo yake. Kisha Mungu akakushika mkono, ukaacha, na hukugusa pombe tena mpaka siku yako ya mwisho. Profesa, mzee hakukudanganya. Waongo ni sisi.

Ibada ya shukrani itakuwa Jumapili. Wasifu wako utasomwa upya, na atakayeusoma ni mwalimu, kwa kipaza sauti kilekile. Profesa tumemwita. Hajasema atakuja.

Unakumbukwa na mkeo, watoto wako, wakwe zako, wajukuu, shangazi yetu uliyependa kumtania, na wote waliowahi kukushikia kitambaa. Tutakukumbuka daima, Baba, wewe mwenyewe, si yule tuliyemtunga.