Paketi Moja Nilichunga

Kamina, tarehe 18 ya mwezi wa munane

Yaya Tshilumba,

Mbele ya yote ninakusalimia sana, weye kaka yangu mukubwa na shemeji na wote mu nyumba kule Mwene-Ditu. Ile goti yako iko namna gani na hii baridi ya asubui? Siye huku tuko wazima. Minyi ninakohoa kidogo juu ya mavumbi ya kiangazi, lakini usihangaike. Ni mavumbi na jua ileile inanikaushiaka chakula, hatuwezi kugombana.

Najua habari ilikufikia nusu. Walikuambia kama mukwe yetu Rolly alikaribia kuua bantu ya kanisa na chakula yake. Nusu ingine ninaiandika hapa, juu mu simu hakuna siri, na weye njo utaikala mu kiti ya baba siku Rolly ataleta mbuzi ya kunyenyekea. Sipendi uikale bila kujua.

Unakumbuka mu 1993, vile tulikimbia na treni ikatulaza siku tisa hapa Kamina, na mama akafungua kitambaa yenye bukari, ile ugali yetu, ya kukauka, akaimwangia maji ya moto, tukala. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Weye uliendelea na treni, siye tukabakia. Kazi yangu yote ilitoka mu kile kitambaa. Hakuna mwenye alinifundisha. Nilipika bukari nikaikatakata, nikaikausha, nikaitwanga tena. Maharagi nilijua ya kama lazima ipondeke kwanza na vidole, kama sivyo hata uiloweshe saa tatu inabakia mawe. Mafuta ya ngazi, ile ya mawese, sikuiweka hata tone moja, juu mafuta haikaukake, inaoza na inaozesha na byengine. Muntu aibebe mu kachupa. Niliharibu chakula ya miaka ine mbele ya kupata kipimo. Kilo kumi za chakula ya kupikwa zinabakia mbili na nusu. Paketi moja, bukari, maharagi, majani na samaki, gramu mia moja makumi ine: mulo ya muntu muzima, nusu litre ya maji ya moto, dakika kumi. Byote niliandika mu kaye, ile daftari yangu.

Ile kaye, Rolly aliipata kupitia mutoto yangu Béthanie, bibi yake. Alisema anaenda kuitolea kopi, isipotee na moto. Sikukataa. Desturi yetu unaijua: mukwe haingiake mu jikoni ya mama-mukwe, hali mbele yake, hata maji hanywi. Nilijisemea, muntu mwenye hawezi kukanyaga mu jikoni yangu, ataniibia nini?

Mu mwezi wa tano pasta Nahum alitangaza kama vijana ba kanisa wataenda na miguu mpaka Luena, siku sita, kufuata reli, na ya kama chakula nyepesi ya kubeba imepatikana. Nikanyoosha mugongo. Pale njo Rolly akasimama na paketi mu mukono, karatasi ya rangi juu yake, jina yake kwa herufi kubwa. Akasema mbele ya kanisa nzima: "Hii nilivumbua na kichwa yangu. Mama-mukwe ananisaidiaka kugeuza majani ku jua." Bantu wakapiga mikono. Minyi pia nilipiga, Yaya, juu benye kuwa pembeni yangu walikuwa wananiangalia.

Tangu siku ile sikulala muzuri.

Alikaushia chakula kule Base, mu kambi ya basoda, na babibi babo, Béthanie akiwasomea kaye. Bantu kumi, milo mbili kwa siku, siku sita: paketi mia moja makumi mbili, kilo kumi na sita na gramu mia munane. Hesabu yangu yote ilikuwa sawa, aliifuata kama muntu mwenye kusoma Biblia. Walitoka siku ya pili ya juma. Mangaribi walikula, usiku kila muntu akaamuka kutafuta maji. Kesho yake saa sita maji ilikwisha, na unajua vile mito midogo inakaukaka kiangazi. Mukalay, ule mwalimu wa nyimbo, alianguka juu ya reli. Wafanyakazi ba treni benye walikuwa wanapita na kigari yao ndio waliwarudisha. Hakuna mwenye alikufa. Lakini chakula ilikuwa ya chumvi mpaka imbwa ya gare, pale treni inasimamaka, iliinusa ikaenda zayo.

Sasa kila muntu anamucheka Rolly. Watoto wanamuita Papa Chumvi. Kanisa ilikuja kuniomba minyi nitayarishe ya mwaka kesho, na jina yangu juu ya paketi.

Sasa ile nusu ingine njo hii, Yaya. Samaki tunaitosha ku Mulongo, inakuyaka imeshajaa chumvi ya bavuvi. Minyi ninailowesha, ninamwanga maji, mara tatu, kisha ninaweka chumvi yangu kidogo. Kuiweka chumvi niliandika. Kuilowesha sikuandika, juu bibi gani mu Kamina haijue? Béthanie aliijua. Juma moja mbele ya safari alikuja kuniuliza: hii ya kukausha, chumvi ya bavuvi tunaitosha, ao tunaiacha juu ichunge samaki? Nilimuangalia. Nikamujibu: "Fuata kaye. Yenye iliandikwa njo hiyo." Akaamini hesabu yangu kupita mikono yake mwenyewe.

Nilihesabu bantu kumi, Yaya. Béthanie aliongezeka asubui ya safari, wa kumi na moja. Alirudi na midomo imepasuka, damu ku meno. Juzi alikuja, akatia samaki mu maji, akamwanga, mara tatu, bila kuniangalia. Kisha akafungua kaye, akaandika ile musitari yeye mwenyewe, akaenda. Kwake sijapata njia ya kuanzia.

Kwa Rolly siombi kitu. Siku ya yenga ya mwisho wa mwezi, kisha kanisa, anakuja na banoko yake, bandugu ba mama yake, na mbuzi, kunyenyekea, na ile mbuzi ikipokelewa ataruhusiwa kula mbele yangu. Uipokee. Sahani ya kwanza ya mama-mukwe hairudishwake, anajua. Paketi zake zote walizika, lakini moja nilichunga. Nitamwanga nusu litre ya maji ya moto, dakika kumi, na nitamuwekea mbele yake.

Nitaweka bijiko mbili. Nitakula naye sahani moja mpaka iishe, Béthanie akituangalia, juu ile chumvi ni ya siye wawili.

Usikawie, treni ya Jumatatu iko muzuri kupita. Unisalimie shemeji na watoto, na unichungie ile goti.

Ni mudogo yako,
Bitota